Okidi Haipandwi Udongoni: Kuihamisha Chungu na Kuitunza kwa Hewa ya Tanga

Okidi nyingi zinazofia majumbani hapa Tanga huuawa na maji, tena na mtu anayezipenda. Anaamka asubuhi, anaona majani yamelegea, anamwaga kikombe. Kesho yake yamezidi kulegea, anaongeza cha pili. Kumbe huko ndani mizizi ilishaoza zamani, na mmea usio na mizizi huonyesha dalili zilezile za mmea wenye kiu: majani yenye mikunjo, mepesi, yasiyosimama.

Lawama nazipeleka kwenye maelekezo. Kikaratasi kinachokuja na chungu, pamoja na video nyingi za mtandaoni, vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako mashine za kupasha joto hukausha hewa ya ndani. Huko mmea unahitaji kitu cha kushika maji, ndiyo maana okidi hupakiwa ndani ya kuvumwani iliyoshindiliwa, ile mimea laini inayofyonza maji kama sponji. Sisi tunaishi mahali ambapo shati lililofuliwa mwezi wa nne hushinda kambani siku mbili na kola bado mbichi. Mizizi iliyofungiwa ndani ya kuvumwani imo katika hali hiyohiyo, ila yenyewe haipati hata jua wala upepo wa kuisaidia.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume na kikaratasi: tunapunguza kinachoshika maji, tunaongeza hewa. Na vitu vyenyewe karibu vyote mjini hapa vinatupwa.

Ujue kwanza uliyo nayo

Inayouzwa sana, yenye majani mapana mazito na kikonyo kirefu kilichopinda chenye maua bapa, meupe au ya zambarau, ni Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, hasa Indonesia na Ufilipino, na huko huishi juu ya miti, mizizi ikiwa imeng'ang'ania magome. Joto la Tanga haliisumbui. Lakini haina ghala la maji zaidi ya majani na mizizi yake, kwa hiyo kukaushwa kabisa kwa wiki nyingi haiwezi.

Yenye mashina marefu ya vifundo, majani yakitoka huku na huku na maua yakichomoza karibu na kilele, ni Dendrobium. Mashina yale ndiyo ghala lake. Anayeanza ningemshauri aanze na hii. Ni ngumu, inastahimili jua, na ukisafiri wiki nzima utaikuta hai. Vanda nayo haitaki hata mchanganyiko. Hutundikwa kwenye kikapu, mizizi ikining'inia hewani, na wakati wa kaskazi inadai maji kila siku. Kama huna mtu wa kubaki nyumbani, iache.

Mwongozo huu unaifuata Phalaenopsis, maana ndiyo iliyojaa kwenye vibaraza. Pale Dendrobium inapotaka jambo tofauti nitasema.

Watakuja pia watu na okidi zilizobanduliwa porini, mara nyingi Ansellia africana, ya hapahapa Afrika, yenye maua ya njano yaliyojaa madoa ya kahawia. Usinunue. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, na kung'oa mimea ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni kosa. Na hata tukiweka sheria kando, okidi iliyobanduliwa kwenye gome hupoteza ncha za mizizi karibu zote. Utalipia mmea ambao umeshaanza kufa.

Wakati wa kuihamisha

Katika nchi za baridi husema kila miaka miwili. Pwani makumbi ya nazi, ambayo ndiyo tunayopandia, huoza upesi zaidi, basi baada ya mwaka mmoja anza kuchungulia. Ukibonyeza mchanganyiko ukapondeka vidoleni, au ukiinua chungu ukasikia uvundo, muda umefika. Mizizi kutokea juu ya chungu na kuning'inia nje si dalili ya lolote baya, ni tabia yake tu. Wala usiichomeke ndani kwa nguvu.

Okidi mpya iliyotoka dukani ikiwa ndani ya kuvumwani ni habari nyingine. Hiyo usiisubirishe. Ikiwa bado ina maua, yafaidi huku ukipunguza maji, na yakishaanguka itoe.

Mwenye nafasi ya kuchagua mwezi, achague Januari au Februari. Maua ya baada ya kipupwe huwa yamekwisha au yanakaribia kwisha, joto linasukuma mizizi mipya, na masika bado. Angalia ncha za mizizi: zikiwa za kijani kibichi zinazong'aa, mmea uko tayari kushika makao mapya. Mwezi mbaya kuliko yote ni ule wa katikati ya masika, Aprili au Mei, kwa sababu vidonda vya mizizi havikauki. Lakini mmea unaooza hausubiri kalenda. Huo uutoe leo.

Makumbi, mkaa na vigae

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapopaharakisha.

Makumbi yapo kwa wafua nazi. Nenda Ngamiani au Mgandini, tafuta mtu aliyesimama na kifuo chake, utaona lundo pembeni.

"Kaka, naomba makumbi ya nazi kavu."

"Ya kuwashia moto, dada?"

"Ya kupandia maua."

Atacheka, atakupa kiroba kizima. Sisitiza nazi kavu. Makumbi ya madafu ni mabichi, yamejaa maji, na yataoza kabla ya mwaka kwisha. Halafu kuna makumbi ya kukwepa kabisa: yale yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa kusokotea kamba. Yamekunywa maji ya bahari kwa miezi, na hakuna kuosha kutakakoyasafisha ukaridhika. Chumvi huunguza ncha za mizizi ya okidi, zikawa nyeusi.

Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Panga kali linatosha, lakini weka gogo chini na uangalie vidole. Nyuzi zilizochambuka na vumbi la makumbi ziweke kando kwa ajili ya mboga za bustani. Kwenye okidi huziba njia za hewa. Kisha loweka vipande kwenye ndoo. Maji yatageuka kahawia kwa sababu makumbi, hata ya mnazi wa bara, yana chumvichumvi za asili na tanini. Mwaga, weka maji mengine kesho, mwaga tena. Endelea hivyo mpaka maji yabaki karibu meupe, kwa kawaida siku tatu hadi tano. Anayeruka hatua hii hushangaa baada ya miezi miwili kuona mizizi mipya inaanza kutoka kisha inasimama.

Mkaa ni ule wa jikoni, wa miti, lakini uwe haujawahi kuwashwa na haujamwagiwa mafuta ya taa. Uvunje vipande vya ukubwa wa kiungo cha mwisho cha kidole gumba, uoshe vumbi lote. Mkaa hauozi, kwa hiyo makumbi yakianza kulegea wenyewe ndio unaoendelea kushikilia nafasi za hewa. Mkaa wa kutengenezwa, ule uliogandishwa kwa udongo au wanga, haufai, ukilowa unamung'unyika.

Vigae ni vipande vya chungu kilichovunjika au tofali la kuchoma. La saruji, hapana. Na usishawishike kuweka kokoto. Kokoto nyingi za hapa ni mawe ya chokaa, jiwe la aina ileile iliyochongwa na maji ikawa mapango ya Amboni na inayosagwa Pongwe kutengeneza saruji. Chokaa huyafanya maji ndani ya chungu kuwa na ualikali, wakati okidi inapenda uasidi kidogo.

Kwa Phalaenopsis changanya makumbi sehemu mbili, mkaa sehemu mbili, vigae sehemu moja. Kwa Dendrobium punguza makumbi yawe sehemu moja, mkaa na vigae viwe viwili viwili. Ikiwa mmea utakaa chumba chenye kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa, geuza hesabu na uongeze makumbi, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa. Mwenye ndugu Lushoto anaweza kuagiza magome ya msonobari kutoka kwenye mashamba ya miti ya Shume, nayo yakashika nafasi ya makumbi. Yawe makavu ya zamani, yasiyonata utomvu.

Chungu

Kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Pima bunda la mizizi baada ya kusafisha, ongeza sentimita moja kila upande, basi. Chungu kikubwa hubaki na maji katikati siku nyingi baada ya pembeni kukauka, na huko katikati ndiko kuoza kunakoanzia.

Cha udongo kinapumua na ni kizito, upepo wa kusi haukiangushi. Kinunue kwa wafinyanzi kabla hakijachomwa kama unaweza, uombe watoboe matundu ubavuni pamoja na yale ya chini. Baada ya kuchomwa kutoboa ni bahati nasibu. Kabla ya kukitumia kiloweke usiku mzima, la sivyo kitanyang'anya maji ya wiki ya kwanza. Cha plastiki angavu kina faida yake: unaiona mizizi bila kufukua. Kopo lolote angavu la jikoni linafaa. Pasha msumari kwenye moto ukiwa umeushika kwa koleo, toboa chini matundu sita au zaidi na ubavuni mengine kumi. Fanyia nje, ule moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Siku yenyewe

1. Loweka chungu cha zamani kwenye besheni ya maji kwa dakika 20. Mizizi ikinywa maji inalainika na haivunjiki ovyo.

2. Utoe mmea ndani ya chungu. Cha plastiki kiminyeminye ubavuni, cha udongo pitisha kisu butu pembeni. Kama mizizi imegandamana na chungu cha udongo, heri kukivunja kuliko kuivuta. Vipande vyake utavitumia kama vigae.

3. Ondoa mchanganyiko wote wa zamani, hata kama unaonekana mzuri. Ingiza kidole katikati ya bunda, chini kabisa ya shina. Mimea mingi ya dukani ina donge dogo la kuvumwani au la udongo wa peti pale katikati, limebaki tangu ilipokuwa miche. Usipolitoa, kazi nyingine yote ni bure. Litoe taratibu kwa kijiti, chini ya maji yanayotiririka.

4. Chagua mizizi. Bonyeza mmoja mmoja. Uliokaza ni mzima, uwe mweupe, wa kijani au hata wa njano uliofifia kwa kukosa mwanga. Unaobonyea na kutoa maji ya kahawia umekufa. Ukivuta, ganda linatoka na kubaki uzi mwembamba. Mkavu uliosinyaa kama karatasi nao umekwisha. Rangi peke yake isikudanganye, kidole ndicho hakimu.

5. Kata iliyokufa mpaka ufikie sehemu nzima. Mkasi uwe umepita kwenye moto wa jiko au umefutwa kwa spiriti ya duka la dawa, na urudie kabla ya kugusa mmea mwingine. Hii si usafi wa kujionyesha. Okidi zina virusi visivyo na tiba vinavyohama kwa mikasi na visu, na mmea mmoja mgonjwa unaweza kuambukiza kibaraza kizima siku moja.

6. Vidonda vya shina au jani vipake unga wa mdalasini. Ule wa Muheza unaouzwa kwa kijiko sokoni ndio huohuo. Usiunyunyizie mizizi mizima: mdalasini hukausha, na mzizi uliokaushwa hivyo haunywi tena.

7. Iache mizizi kivulini, penye upepo, kwa saa tano sita mpaka mikato ifunge. Wakati wa unyevu mwingi iache hadi kesho. Haitakufa. Kukaa bila chungu siku moja ni kitu kidogo kwa mmea uliozoea kuishi juu ya gome.

8. Weka vigae vikubwa chini. Shikilia mmea ili shina lake, pale majani yanapoanzia, liwe sawa na ukingo wa chungu, wala lisizame. Phalaenopsis iinamishe kidogo upande mmoja, maji yasituame katikati ya majani. Dendrobium iwekwe shina la zamani kabisa likigusa ukingo, ili machipukizi mapya yapate nafasi ya kutembea kwenda upande wa pili. Jaza mchanganyiko huku ukigongagonga chungu mezani. Usishindilie kwa vidole.

9. Mmea ukiyumba, mizizi mipya itakatika kila upepo ukipita. Chomeka kijiti cha mwanzi na uufunge mpaka ukiinua kwa majani, chungu nacho kinyanyuke.

Baada ya hapo usimwagilie siku tatu nne. Nyunyizia majani ukungu wa maji asubuhi tu. Uuweke kwenye kivuli kizito kuliko kawaida kwa wiki mbili, na usitie mbolea mpaka uone ncha mpya za kijani. Jani la chini kabisa likigeuka njano na kudondoka katika kipindi hiki, usishtuke.

Maji

Watu huuliza ni mara ngapi kwa wiki. Jibu liko kwenye mizizi. Mzizi wenye maji ni wa kijani, uliokauka ni wa fedha, mweupe-mweupe. Chungu kikiwa angavu unasoma moja kwa moja. Kikiwa cha udongo, kinyanyue: baada ya siku chache mkono utajua uzito wa chungu kilichokauka. Mizizi ikishakuwa ya fedha, subiri siku moja, kisha mwagilia.

Kama kianzio, kwa mchanganyiko niliouelekeza: miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari, kila baada ya siku mbili au tatu. Wakati wa masika na kipupwe, mara moja kwa wiki, na kuna wiki za mvua ambazo utaruka kabisa. Chungu kilicho nje kwenye mvua za mfululizo kiingize ndani ya paa. Mvua moja nzuri ni neema, siku tano za kulowa si neema.

Mwagilia asubuhi, mwagilia kwelikweli. Peleka chungu kwenye karo, pitisha maji mpaka yatiririke chini kwa muda, acha yachuruzike, rudisha mahali pake. Kile kikombe kimoja cha kila siku ndicho kibaya, kwani hulowesha juu tu na kuacha chumvi zijikusanye chini. Sahani yenye maji chini ya chungu iondoe. Na maji yakiingia katikati ya majani ya Phalaenopsis, yafyonze kwa ncha ya kitambaa au karatasi. Moyo wa mmea ukioza, hauna shina jingine la kuchipua kirahisi.

Maji ya mvua hayana mpinzani. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha tega pipa na ulifunike mbu wasizaliane. Ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, yanatumika bila shida. Yaache kwenye ndoo usiku kucha harufu ya dawa ipungue. Ya kisima yaonje. Ukisikia uchumvi ulimini, kama visima vingi vya karibu na bahari, hayo ni ya kuoshea baraza.

Mwanga na upepo

Dirisha la mashariki au baraza lenye kivuli cha wavu. Jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ni zuri, la saa nane mchana linachoma jani mpaka linabaki na baka jeupe ambalo halitapona. Majani yatakuambia: kijani iliyokolea sana, nzuri ya kupiga picha, maana yake mwanga hautoshi na maua usitegemee. Kijani ya majani machanga ya mgomba ndiyo inayotakiwa. Yakianza kuwa na wekundu pembeni, sogeza kivulini. Dendrobium inataka mwanga mwingi zaidi, hata jua la saa tatu nne.

Upepo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, maana ndio unaokausha majani na mizizi. Lakini wakazi wa Raskazoni na wengine walio mbele ya bahari watambue kuwa kusi huja na chumvi. Weka mmea nyuma ya ukuta au wavu, na mara moja kwa wiki yaoshe majani kwa maji baridi.

Usiiweke okidi yenye maua kando ya kapu la ndizi mbivu, maembe au mapapai. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na maua hunyauka kabla ya wakati wake. Moshi wa jiko la mkaa una gesi hiyohiyo.

Chakula

Kidogo sana. Mbolea ya kuyeyuka majini, NPK 20-20-20 au 19-19-19, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila wiki mbili wakati mmea unatoa majani au mizizi. Lowesha mizizi kwa maji matupu kwanza. Kila mwezi mara moja pitisha maji matupu mengi kuosha chumvi zilizobaki. Samadi na urea ziache shambani.

Maua

Wenye okidi yenye majani mazuri ila haichanui husahau baridi. Phalaenopsis huanza kutoa kikonyo pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 au hivi kwa wiki kadhaa. Joto likikaa juu ya nyuzi 28 usiku na mchana, hutoa majani tu. Pwani yetu nafasi hiyo inapatikana kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, usiku unapokaribia nyuzi 20. Miezi hiyo iweke mahali panapopata hewa ya usiku, dirishani au barazani, usiifungie sebuleni. Chumba cha kulala chenye kiyoyozi cha usiku nacho hufanya kazi, almradi mchana ipate mwanga.

Kikonyo kikianza kurefuka usikigeuzegeuze chungu, kitajipinda kutafuta mwanga na maua yatapangika vibaya.

Maua yakiisha na kikonyo kikabaki kijani, unaweza kukikata juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, mara nyingine hutoa tawi jipya la maua. Mmea wenye majani mawili matatu tu usiubebeshe mzigo huo. Kata kikonyo chote. Kwa Dendrobium usikate mashina ya zamani yaliyopukutika majani maadamu bado yamekaza. Yanalisha machipukizi, na mara nyingine yenyewe huchanua tena.

Wadudu

Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mmea, fuata njia yao. Kwa kawaida wanalinda vidung'ata, wale weupe wenye unga wa pamba, au wadudu gamba waliojibandika chini ya majani. Futa mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyizia maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, na urudie baada ya wiki kwa sababu mayai hubaki. Wakati wa masika konokono hula ncha za mizizi usiku. Toka na tochi, wakusanye.

Ukitaka kuachana na chungu

Mwenye mti uani ana njia rahisi kuliko yote. Mwembe, mkungu au mfenesi wenye gome la kukwaruza unafaa. Mpera haufai kwa sababu hubambuka gome, na okidi hudondoka nalo. Chagua upande wa mashariki wa shina, chini ya majani, mahali unapoweza kufika kwa ndoo bila ngazi. Hapa msimu unageuka: funga masika yanapoanza, mwezi Machi, mvua ikusaidie kumwagilia, maana kwenye mti hakuna maji ya kutuama.

Bandika mizizi kwenye gome, weka kibandiko chembamba cha nyuzi za makumbi yaliyooshwa juu yake, kisha zungushia kamba ya katani mizunguko mitano sita, ikaze lakini isikate. Katani ni nzuri kwa sababu huoza yenyewe baada ya mizizi kushika. Nasi tunayo tele tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mkonge Tanga mwaka 1893. Waya wa shaba usiutumie kamwe, shaba ni sumu kwa okidi.

Mvua zikikatika, mmea wa mtini unataka maji kila asubuhi mpaka mizizi itambae sentimita kumi hivi juu ya gome. Ukiona hivyo punguza, siku moja uende, siku moja uache. Ila Januari na Februari usikose siku.